Chungu Kimoja kwa Familia Nzima: Kumpikia Ndugu Mwenye Lehemu Nyingi Bila Kuondoa Ladha Mezani

Katika familia zetu kuna jambo linalotokea mara nyingi kuliko tunavyodhani. Baba, mama au bibi anarudi kutoka hospitali akiwa na karatasi ya vipimo mkononi, na daktari amemweleza kwamba lehemu katika damu yake imezidi. Jioni hiyohiyo sufuria ndogo inabandikwa pembeni kwa ajili yake. Ndani yake mna mchicha uliochemshwa kwa maji matupu, kipande cha kuku kisicho na chumvi wala kitunguu, na viazi viwili. Wengine nyumbani wanakula wali wa nazi na nyama ya kukaanga kama kawaida yao. Wiki ya kwanza mgonjwa anavumilia. Wiki ya pili anaacha nusu ya sahani. Wiki ya tatu anasema ameshiba, kisha anatoka kwenda kibandani kula chipsi na mishikaki kwa siri, kama mtoto aliyekatazwa.

Ni rahisi kumlaumu mgonjwa huyo kwamba hana nidhamu. Lakini tukitazama vizuri, mambo yaliharibika siku ile sufuria ya pili ilipobandikwa. Mtu aliyetengwa na chakula cha wenzake amepokea adhabu juu ya ugonjwa. Naye anayepika amepewa kazi mara mbili na mkaa mara mbili, mzigo ambao hauwezi kuubeba mwaka mzima. Makala hii inakusudia kueleza kwamba chakula kinachomfaa mwenye lehemu nyingi ndicho kinachowafaa karibu wote nyumbani, na kwamba kinaweza kutoka katika chungu kimoja kikiwa na ladha ya kumfanya kila mmoja aombe kuongezewa.

Lehemu ni nini?

Lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, ni kitu cha jamii ya mafuta kinachofanana na nta. Yenyewe si sumu. Mwili huihitaji ili kujenga kuta za seli, kutengeneza homoni na vitamini D, na kutengeneza nyongo inayosaidia kusaga mafuta tumboni. Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na ini letu wenyewe, na iliyobaki huingia kwa njia ya vyakula vitokanavyo na wanyama, kama vile nyama, maini, mayai na maziwa.

Lehemu husafiri katika damu ikiwa imebebwa. Kibebeo kinachoitwa LDL huitoa kwenye ini na kuipeleka sehemu mbalimbali za mwili. Kinapozidi, lehemu hujipenyeza katika kuta za mishipa ya damu na kujenga utando mgumu unaoziba njia polepole kwa miaka mingi. Kibebeo kingine, HDL, huikusanya na kuirudisha kwenye ini. Ndiyo sababu watu husema lehemu mbaya na lehemu nzuri. Mshipa wa moyo ukiziba, mtu hupata shambulio la moyo. Mshipa wa ubongo ukiziba, hupata kiharusi.

Ugumu wa tatizo hili ni kwamba haliumi. Mtu hulala vizuri, huenda shambani, huimba kwaya, huku mishipa yake ikizidi kuwa myembamba. Wala unene si kipimo cha kutegemea, kwa kuwa zipo familia ambamo lehemu nyingi hurithiwa na hata mtu mwembamba huwa nayo. Kinachoweza kutuambia ukweli ni kipimo cha damu. Kwa kawaida jumla ya lehemu hutakiwa iwe chini ya milimoli 5.2 kwa lita, yaani miligramu 200 kwa desilita. Hata hivyo, kiwango cha LDL kinachomfaa mgonjwa hutegemea historia yake: mwenye kisukari au aliyekwisha kupata kiharusi atatakiwa kukishusha zaidi. Kwa hiyo asilinganishe karatasi yake na ya jirani. Aisome pamoja na daktari wake.

Jambo la kuangalia ni aina ya mafuta

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa akiacha mayai amemaliza kazi. Kiini cha yai kina lehemu karibu miligramu 190, na ni vema mgonjwa asile mayai mengi. Lakini kwa watu walio wengi, kinachopandisha LDL zaidi ni mafuta yenye tabia ya kuganda. Mafuta hayo hulifanya ini lishindwe kuondoa LDL katika damu ipasavyo. Tunayapata katika nyama yenye mafuta, ngozi ya kuku, siagi, samli, malai, mawese na nazi.

Hapa ndipo mnunuzi hudanganyika. Maneno kwamba mafuta fulani hayana kolesteroli, yanayochapwa kwenye chupa na madumu, hayatofautishi mafuta hayo na mafuta mengine ya mimea, kwa sababu lehemu hutoka kwa wanyama. Swali la maana ni hili: je, mafuta haya huganda? Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi kina takribani gramu 12 za mafuta yenye tabia ya kuganda. Kijiko hichohicho cha mawese kina takribani gramu 7, na cha alizeti hakifiki gramu 2. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati yote ya chakula, yaani kama gramu 22 kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000. Mwenye lehemu nyingi hushauriwa kubaki chini zaidi ya hapo. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kusema kwamba mafuta yake ya nazi hayagandi. Ni kwa sababu ya joto la pwani. Ayapeleke Njombe mwezi wa saba, atayaona yamekuwa meupe na magumu.

Yapo pia mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa njia inayozalisha mafuta mabaya kuliko yote, kwani hupandisha lehemu mbaya na kushusha ile nzuri. Yanaweza kuwamo katika baadhi ya mafuta mgando ya kupikia, biskuti na keki za dukani. Hayo ni bora yasiingie nyumbani kabisa.

Kwa upande wa vyakula vinavyosaidia, maharage, kunde, choroko, bamia, shayiri, maembe, machungwa na mapera vina nyuzinyuzi laini zinazogeuka kuwa kama ute tumboni. Ute huo hushika nyongo na kutoka nayo, na ini hulazimika kuchukua lehemu kutoka katika damu ili kutengeneza nyongo nyingine. Mlenda ambao vijana wengine huuona chakula cha wazee una kazi hiyo muhimu.

Ladha hutoka wapi?

Anayepika huogopa kwamba akipunguza mafuta, chakula kitakosa ladha. Hofu hiyo ina msingi. Harufu nyingi za viungo huyeyuka katika mafuta, ndiyo maana binzari iliyotiwa kwenye maji matupu haina maana. Lakini kazi hiyo huhitaji vijiko viwili tu vya mafuta, wala haihitaji kikombe kizima. Weka vijiko viwili vya alizeti, kaanga kitunguu kwa moto mdogo mpaka kiwe na rangi ya kahawia. Kinapotaka kushika chini, nyunyiza maji kidogo badala ya kuongeza mafuta. Kisha tia kitunguu swaumu, tangawizi na binzari, ukoroge kwa dakika moja kabla ya kutia nyanya. Harufu itakayotoka itawaleta watoto jikoni bila kuitwa.

Ladha nyingine ni ya uchachu. Ndimu, ukwaju au embe bichi likitiwa mwishoni huamsha chakula kizima na kupunguza haja ya chumvi. Chumvi nayo ina mipaka yake, kwani wengi wenye lehemu nyingi wana shinikizo la damu pia. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichika katika vidonge vya mchuzi. Tatu, kuna ladha ya moto wenyewe. Samaki au kuku aliyeokwa juu ya mkaa hupata harufu ambayo mafuta ya kukaangia hayawezi kuitoa.

Ipo njia rahisi ya kujua familia inatumia mafuta kiasi gani. Siku unapofungua dumu la lita 5, andika tarehe juu yake. Familia ya watu sita ikilimaliza kwa siku 30, kila mmoja amekula karibu vijiko viwili vya chakula kwa siku. Ikilimaliza kwa wiki mbili, kila mmoja amekula vijiko vinne, na hapo hakuna haja ya kumtafuta mchawi. Aidha, anayepika apime kwa kijiko, asimimine kutoka kwenye dumu.

Vyakula vitano kwa watu sita

Maharage mazito bila tui. Loweka nusu kilo ya maharage usiku kucha, mwaga maji, yachemshe mpaka yaive kabisa. Kaanga vitunguu viwili kwa njia iliyoelezwa hapo juu, tia nyanya nne, karoti na pilipili hoho. Chota vikombe viwili vya maharage, yaponde kwa mwiko, kisha changanya yote na uache yachemke polepole kwa dakika 15. Maharage yaliyopondwa hutoa rojo zito kama lililoungwa kwa nazi. Malizia kwa ndimu na giligilani.

Mchicha au kisamvu cha karanga. Badala ya tui zito, tumia nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kusagwa, zikorogwe kwa maji ya vuguvugu. Karanga zina mafuta, lakini mengi yake ni ya aina isiyoganda. Chagua karanga safi zisizo na ukungu, kwa sababu ukungu huleta sumukuvu. Wale ambao hawawezi kuishi bila nazi watumie tui la pili, lile jepesi, mara moja moja, na tui zito waliache.

Samaki wa kuokwa kwa ukwaju. Sato au vibua wapakwe ukwaju, swaumu, tangawizi na pilipili, wakae saa moja, kisha waokwe juu ya mkaa. Waliwe kwa ugali wa dona na kachumbari. Samaki wakipatikana mara mbili kwa wiki badala ya nyama nyekundu, familia imefanya vizuri.

Mchuzi wa kuku usio na mafuta yanayoelea. Ondoa ngozi na mafuta ya manjano yaliyo chini yake kabla ya kupika. Ukimaliza kuchemsha, epua, acha mchuzi utulie, kisha engua mafuta yaliyopanda juu kwa upawa. Mwenye jokofu anaweza kupika jana yake. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu na kuondolewa kama kifuniko. Kisha unga mchuzi huo kwa vitunguu na nyanya kama kawaida.

Makande au ndizi zenye nyama kidogo. Robo kilo ya nyama isiyo na mafuta, ikikatwa vipande vidogo na kupikwa pamoja na mahindi na maharage, au ndizi na mboga, huipa ladha sufuria nzima. Hapa nyama ni kiungo cha chakula, wala si lazima ijaze sahani.

Kwa asubuhi, maandazi na chapati za kusukuma vinaweza kubadilishwa na viazi vitamu, magimbi au mihogo ya kuchemsha, au uji wa ulezi, mtama au shayiri. Maziwa yakichemshwa na kuachwa yapoe, ondoa malai ya juu kabla ya kuunga chai. Wapenzi wa kahawa nao wajue kwamba kahawa ya kuchemsha isiyochujwa kwa karatasi ina mafuta yake yanayopandisha lehemu. Mwenye tatizo asinywe vikombe vingi kwa siku.

Kuna mtu mmoja tu ambaye chungu hiki kinahitaji kuongezewa kitu kwa ajili yake, naye ni mtoto aliye chini ya miaka miwili. Ubongo wake unakua na unahitaji mafuta. Pakua sehemu yake, kisha ongeza parachichi lililopondwa. Vilevile kama nyumbani kuna mgonjwa wa figo au wa kisukari, daktari aulizwe kuhusu kiasi cha maharage, matunda na wanga kinachomfaa.

Anayepika naye aende kliniki

Mara nyingi ushauri wa lishe hutolewa kwa baba ambaye hajawahi kushika mwiko. Anarudi nyumbani na maneno mawili, "acha mafuta", na mama au dada wa kazi anabaki kubahatisha. Ni vema anayepika afuatane na mgonjwa walau mara moja, amweleze mtaalamu wa lishe ni chakula gani hasa hupikwa nyumbani, aulize na kuandika. Huduma hiyo ndogo ina thamani kuliko orodha ndefu ya makatazo.

Watoto wakubwa nao waelezwe. Wakijua kwamba samli imeondolewa mezani kwa ajili ya babu yao, watakuwa wamejifunza jambo kuhusu upendo ambalo maneno matupu hayafundishi. Tena watakuwa wamejikinga wenyewe, kwa kuwa kuziba kwa mishipa huanza mapema katika maisha, na kama lehemu hiyo ni ya kurithi, nao wanaweza kuwa nayo. Ndiyo maana ni busara watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa nao waulize kuhusu kupimwa.

Sikukuu, Kwaresima na wageni

Familia nyingi za waamini tayari zinao mfano wa chakula hiki. Siku za Ijumaa za Kwaresima, nyama inapoachwa, tunakula maharage, kunde, mboga za majani na samaki, wala hatusemi kwamba tumekaa na njaa. Desturi hiyo njema inaweza kuendelea katika siku nyingine za mwaka. Tuangalie tu kwamba Ijumaa hiyo isiwe siku ya samaki waliozamishwa katika mafuta yaliyotumika mara tano.

Ugumu zaidi huja kwenye Noeli, Pasaka, harusi na sherehe za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Hapo mgonjwa asikatazwe kusherehekea. Pilau inaweza kupikwa kwa vikombe vinne vya mchele, nusu kilo ya nyama isiyo na mafuta, vijiko vitatu vya alizeti, vitunguu vingi vilivyokaangwa vizuri, na viungo vilivyokaangwa vikavu kabla ya kutwangwa. Ikisindikizwa na kachumbari nyingi na matunda, hakuna mgeni atakayejua kwamba imepikwa kwa kumfikiria mtu. Tunapokutana katika jumuiya ndogo ndogo, mwenyeji anaweza kuandaa mahindi ya kuchemsha, karanga au ndizi mbivu. Mgeni mwenye tatizo hatalazimika kuchagua kati ya afya yake na heshima ya aliyemkaribisha.

Dawa na vipimo visiachwe

Chakula kina nguvu, lakini kina mipaka. Kwa kuwa ini lenyewe hutengeneza lehemu nyingi, wapo wagonjwa ambao hata wakila vizuri kabisa watahitaji dawa. Hilo si kushindwa, wala si upungufu wa imani. Aliyepewa dawa za kushusha lehemu asiziache kwa sababu vipimo vimekuwa vizuri. Huenda vimekuwa vizuri kwa sababu anazimeza. Awaambie wahudumu wake kuhusu mitishamba yoyote anayotumia, na aulize kuhusu balungi, kwa maana tunda hilo huongeza nguvu ya baadhi ya dawa hizo mwilini kupita kiasi. Kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku, siku tano za wiki, na kuacha sigara, vinakamilisha kazi ya jikoni.

Baada ya miezi mitatu hivi ya kupika kwa namna hii, mgonjwa arudi kupimwa kama daktari atakavyoelekeza. Namba zikishuka, furaha iwe ya wote, kwa sababu wote walikula chungu kimoja. Zisiposhuka vya kutosha, daktari atajua la kufanya, na mgonjwa atakuwa bado yuko mezani pamoja na watu wake. Basi leo jioni ile sufuria ndogo iepuliwe. Pima vijiko viwili vya mafuta, kaanga kitunguu polepole, na mpakulie babu kutoka chungu kilekile wanachopakuliwa wajukuu.